Bonaventura na Ghala la Tatu

Bonaventura alifanya kazi ya umeme miaka kumi na tisa katika kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Singida mjini, tangu kikiwa mali ya serikali. Kilipouzwa, akapunguzwa pamoja na wenzake. Wengine walinunua ng'ombe, wengine wakarudi kijijini Sepuka kulima. Yeye alibaki mjini akitengeneza pasi na redio, na waya alinunua dukani kwangu. Sikuwahi kumpunguzia bei. Lakini fundi anayejua kazi namtambua, na huyu alikuwa anajua.

Mwaka 2001 mmiliki mpya wa kiwanda, Abdillahi, wa familia ya wafanyabiashara wa hapahapa, alitaka kukikatia kiwanda bima. Watu wa bima wakasema sawa, ila afunge kengele za moto, na getini aweke kisanduku chenye kioo cha maandishi, ili moshi ukitokea popote mlinzi asome ni wapi. Mitambo nilimletea mimi kutoka Dar es Salaam. Kuhusu fundi, nikamwambia amchukue Bonaventura. Akakubali kwa sharti: mkaguzi akipitisha kazi, Bonaventura anaajiriwa; asipopitisha, anachukua ujira wa siku zake na kwenda. Bonaventura alikuwa amekaa miaka minne bila mshahara, na umri umeshapita hamsini. Ajira nyingine mji huu usingempa.

Kazi aliifanya kwa utulivu. Kila kisanduku kinachounganishwa kwenye mtambo mkuu lazima kiwe na namba yake, na namba hiyo hupangwa kwa swichi ndogo zilizoko nyuma. Cha getini kilikuja na namba ileile ya cha ofisini, kwa hiyo mtambo ukawa unapiga mlio wa kulalamika tu. Asubuhi nzima alikaa nacho na kitabu cha maelekezo, mwisho akasogeza swichi moja kwa ncha ya bisibisi, mlio ukakatika. Kisha akaingiza majina ya sehemu, herufi moja moja, kama ramani aliyopewa na Abdillahi ilivyoonyesha: Ghala 1, Ghala 2, Ghala 3, kuanzia getini kwenda ndani.

Ramani haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba wafanyakazi wa zamani hawakuhesabu maghala kuanzia getini. Walihesabu kwa mwaka wa kujengwa, na lililojengwa mwisho, ambalo wote waliliita la tatu, ndilo lililo karibu kabisa na geti.

Mkaguzi, kijana aitwaye Raymond, alifika Alhamisi. Alikwenda moja kwa moja ghala la ndani kabisa, akapuliza moshi wa majaribio kutoka kwenye kopo chini ya kengele. Getini kioo kikaandika: MOTO GHALA 3. Mlinzi Damari, mama aliyekuwepo pale tangu enzi za serikali, alisoma, akabeba mtungi wa kuzimia moto, akakimbilia ghala la karibu na geti. Akakuta magunia matupu yamejilalia. Raymond alisimama kule ndani na saa yake dakika sita, hakuna aliyetokea.

Abdillahi akaja juu, akamuuliza Damari kama kusoma anajua kweli.

"Nimesoma ghala la tatu, nimekwenda ghala la tatu," Damari akasema. "Kama mmelihamisha, bosi, mngeniambia nisaidie kubeba."

Watu walicheka, isipokuwa Bonaventura. Raymond alikuwa ameshafunga faili. Ramani ilikuwa mfukoni mwa Bonaventura, ina mhuri wa kiwanda. Ningekuwa mimi ningeitoa na kumtupia lawama aliyeichora. Yeye hakuitoa.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilijua huyu mama analiitaje lile ghala. Nikafuata karatasi kwa sababu nilitaka kupita. Nipeni nusu saa."

Abdillahi alitaka Damari afundishwe hesabu mpya, yaishe. Bonaventura akamjibu kwamba wapagazi ni arobaini, na kila msimu wanakuja wengine. Akaenda kwenye mtambo akafuta majina yote. Hakuandika hesabu ya ramani wala ya wazee. Aliandika kilichomo ndani: MAGUNIA, MBEGU, MASHUDU. Raymond akanung'unika kuwa majina hayo hayamo kwenye ramani. Bonaventura akamwambia nafasi ipo na kalamu anayo. Akayaandika.

Kisha Raymond akaondoka tena bila kusema anakwenda wapi. Alipuliza moshi kwenye mashudu, yale makapi ya alizeti yaliyokwisha kukamuliwa, na kabla hajafunika kopo Damari alikuwa mlangoni na mtungi wake, anahema.

"Karibu mashuduni, mkaguzi," akamwambia.

Raymond akasaini.

Ofisini, nami nikiwepo, Abdillahi alitoa mkataba wa miezi sita. Bonaventura hakugusa kalamu.

"Mzee, kazi si umeipata? Nini tena?"

"Mwezi wa tano mbegu mpya zinaingia. Pale penye mashudu patajaa mbegu, na kioo kitakuwa kinasema uongo. Zikishakamuliwa, mashudu yanarudi. Nani atakuwa anabadilisha majina?"

Abdillahi akanitazama mimi. Nikatazama ukuta, mitambo nilishauza. Akakata "miezi sita", akaandika juu yake "mwaka mmoja", akasaini pembeni.

Bonaventura naye akasaini, akaomba ufunguo wa chumba cha mtambo.