Jezi ya Njano Mbele ya Zahanati

Taarifa ya habari nimeipiga marufuku nyumbani kwangu. Mke wangu hunicheka, anasema mwanamume wa Tanga kashindwa na panya wa jikoni, ataweza kuzuia habari? Acheke tu. Yeye anaondoka alfajiri kwenda kufanya usafi kwenye maofisi ya Braamfontein, akirudi anajitupa kitandani. Anayebaki na ile runinga ni mimi. Kila kura zikikaribia lazima atokee mtu wa suti, shavu linang'aa, aseme hospitali zimejaa kwa sababu ya wageni, na mtangazaji anamwitikia kwa kichwa utadhani yuko kwa mganga. Kesho yake mtu huyohuyo kavaa jezi ya taifa, yuko uwanjani anapunga mkono, eti mpira unatuunganisha. Mimi hapo nimeunganishwa na nani?

Watu hudhani nina hasira na siasa. Hasira ninayo, sikatai, lakini chini yake ni woga mtupu. Maneno ya runinga hayabaki kwenye runinga. Mtu anayasema jioni studio, asubuhi unayasikia kwenye foleni ya spaza, pale kiduka cha mtaani, kwa mama ambaye juzi alikuuliza hali ya mtoto. Nimeishi huku ugenini, mtaa wa Troyeville, miaka mingi, nashona makochi, nusu ya mtaa imekalia kazi ya mikono yangu, na bado simu kutoka nyumbani ikilia nikiwa njiani siipokei. Kiswahili nakiacha mlangoni pamoja na kandambili.

Kimbilio langu lilikuwa mpira, nao wameuharibu. Goli likiingia huwezi kushangilia mpaka refa akatazame kwenye kioo. Ukigeuka huku tangazo la kubeti, ukigeuka kule la kubeti. Mchezaji leo anabusu nembo kifuani, msimu ujao anabusu nyingine, na machozi yaleyale. Nalalamika hivyo kila mechi, na kila mechi nipo. Sababu ni jirani yangu wa chini, mzaliwa wa hapahapa, fundi bomba aliyeachishwa kazi. Jumamosi hugonga mlango, tunaangalia kwangu kwa kuwa kochi langu halina mpinzani jengo zima.

Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, ana miaka minane. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu. Jirani yangu yule, binti humwita malume, yaani mjomba. Siku timu ya taifa iliposhinda kwa penalti, malume huyo alimbeba mabegani akazunguka naye sebuleni, kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Wiki ile nilinunua jezi mbili za njano, yangu na ya mtoto, mimi niliyekuwa nikizitukana bei. Nilifurahi, wallahi. Nilijiona mwenyeji.

Baridi ikaja na pumu ya binti. Asubuhi moja pampu yake ya kuvuta ikawa inatoa hewa tupu, na kifua kinapiga mluzi. Dawa yake hutolewa zahanati ya serikali, na siku zile kulikuwa na raia wanaosimama getini kuuliza karatasi na kuwafukuza wageni, kila mtu mtaani alijua. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa cha hapa. Kibali changu kimeisha muda, ofisini wananiambia nisubiri, na getini nani atanielewa nikisema nasubiri? Mama yake alikuwa kazini. Nikamvika jezi yake, nikavaa yangu, nikamwambia tukifika tusiongee. 

Walikuwa kikundi, wengine na fimbo, kadhaa wamevaa jezi kama zetu. Katikati yao, mikono mfukoni, amesimama jirani yangu. Nilipomwona, niseme kweli, nilishusha pumzi, nikajua tumepona. Yeye alinitazama, halafu akatazama viatu vyake. Mmoja akanidai kitambulisho. Nilimwangalia jirani, nikingoja aseme huyu namjua, hukaa kwake nikaangalia mpira. Akasema taratibu, kwa Kizulu, macho yakiwa bado chini:

"Mtoto ni wetu, aingie. Huyu abaki nje."

Mpaka leo sijui kama aliniokoa au alinikana. Nilimkabidhi binti kadi yake ya zahanati. Aliniachia mkono bila kulia, akapita katikati ya wale watu wazima, mabega yakipanda na kushuka kwa kutafuta hewa. Nikavuka barabara nikaegemea ukuta wa gereji. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kifua kikimbana mle ndani, nani atamwinua, na nani atajua baba yake yuko hapa nje?

Hapo ndipo gari la runinga lilipofika. Msichana mwenye maikrofoni, sijui nani alimwonyesha, akanijia moja kwa moja, huruma imemjaa usoni, akaniuliza kwa sauti najisikiaje kuzuiwa kwa sababu ni mgeni. Pale getini vichwa vyote vikageuka. Nyie, zile fimbo niliziogopa, lakini kamera niliiogopa zaidi, maana jioni mtaa mzima ungejua nani wa kufuatwa. Nikageukia ukuta kama mlevi anayekojoa, nikakaa hivyohivyo mpaka aliponichoka akaenda kuwahoji wenye fimbo.

Nilipogeuka, binti alikuwa anatoka, pampu mpya mkononi. Nikamnyooshea mkono. Akanipita kwa ng'ambo ya barabara. Hakunitupia hata jicho. Akaenda mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, akangoja zigeuke kijani, akavuka peke yake, nami nikamfuata kwa mbali kama mtu asiyemjua, roho mkononi kwa kila gari lililopita. Tulipokata kona, geti halionekani tena, akasimama. Akavuta dawa, akaishika pumzi kama alivyofundishwa, akaiachia. Kisha akasema kwa Kiswahili, palepale barabarani, yeye ambaye hata chumvi huiomba kwa Kizulu:

"Nesi kauliza baba yuko wapi. Nimesema baba amekufa. Sasa hawatakutafuta."

Nikamwambia ahsante. Ndilo neno lililonijia. Alitaka tuendelee vilevile, yeye mbele mimi nyuma, na nilimkubalia mpaka mlangoni kwetu. Mama yake nilimweleza jioni. Hakucheka, na runinga hakuiwasha.

Jumamosi mlango ukagongwa. Niliujua mkono kabla sijaisikia sauti. Jirani alisema kutoka nje mechi inaanza, amemletea mtoto karanga. Sauti ileile ya kila wiki, ya upole. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu zuri na sikuthubutu hata kujisogeza, springi zisije zikalia. Pengine alikuja kuomba radhi. Pengine alikuja kuangalia mpira tu, kwake hakuna kilichobadilika. Pengine kwenye ngazi nyuma yake kulikuwa na wengine. Mtu aliyembeba mwanangu mabegani, na mimi naogopa asije akasikia pumzi yangu.

Binti akaenda mlangoni. Akashika kitasa, lakini hakufungua. Aligeuka akanitazama, akingoja nimwambie leo nipo au sipo.

Nikamwonyesha kwa mkono kwamba sipo. Akamwambia malume wake hivyo, kwa Kizulu safi, bila kusita.