Mji Alionitembeza Mume Wangu Uani Temeke

Mie mji wa Innsbruck nimeutembea wote, na ndege sijapanda hata siku moja. Nimeutembea uani kwetu Temeke, nimekaa kwenye kigoda natwanga kisamvu, mume wangu kachuchumaa mbele yangu anauchora mchangani kwa kijiti. Mto unapita hapa. Daraja hili hapa. Ukishavuka unanyoosha na njia nyembamba yenye nyumba za rangi rangi zilizobanana, mpaka unatokea kwenye kibaraza chenye paa la vigae vya dhahabu, alichojengewa mfalme wa zamani akae aangalie michezo ya watu wake.

"Dhahabu kweli?" namuuliza.

"Shaba iliyopakwa dhahabu. Lakini jua likipiga, macho yako huyawezi."

Mume wangu alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala. Miaka ile baada ya Uhuru serikali ilikuwa ikipeleka mafundi na ngoma nchi za nje, dunia ijue na sie tuna utamaduni wetu. Basi yeye akachaguliwa kwenda kuchonga kwenye maonyesho huko Austria, katika mji huo ulio chini ya milima ya Alpi. Alifuatana na rafiki yake mpiga ngoma wa Gongo la Mboto. Mie nikabaki na kichanga mgongoni.

Aliporudi, jamani, nyumba ilijaa! Mtu akitoka Ulaya, hapa kwetu hana ruhusa ya kulala mpaka asimulie. Akawasimulia kijumba kinachopanda mlimani kwa kamba, na theluji isiyoyeyuka. Akafika kwenye kanisa lenye kaburi la mfalme, lililozungukwa na watu weusi wa shaba, warefu kuliko mtu, wamesimama kulilinda. Akaonyesha walivyoweka mikono yao, mmoja mmoja. Halafu akasema humo kaburini hamna mtu, mfalme mwenyewe alizikwa mji mwingine.

"Kaburi tupu, halafu linalindwa?" balozi wetu wa nyumba kumi akadakia. "Wazungu nao wana kazi!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Wageni walipoondoka akaniambia, "Iko siku nitakupeleka, mama watoto. Nitakuzungusha mie mwenyewe, kwa miguu."

Nikalishika neno hilo. Wenzangu kwenye foleni ya sukari walikuwa wanasengenya watu, mie nimesimama pale na kikapu changu navuka daraja. Wakati wa unga wa yanga, tunakula ugali wa njano tusioupenda, namwambia, "Hebu nipeleke kidogo." Anachukua kijiti. Sikutaka dhahabu wala koti la manyoya. Nilitaka nisimame mbele ya wale watu wa shaba, mume wangu kanishika mkono, aniambie, "Unaona? Si nilikwambia?"

Na nafasi ikaja. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watoto wameshaanza shule. Wale wenyeji wa Innsbruck walimwomba tena yule yule mchongaji, safari hii aje na mkewe, kwa kuwa walisikia nasuka mikeka ya ukindu. Afisa wa serikali aliyetuletea habari alipotoka tu mlangoni nikapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka nje.

Mume wangu akainamia kinyago chake akaendelea kukisugua.

Nikadhani ni furaha. Kesho yake akasema goti linamuuma. Keshokutwa yake, baridi ya kule itaniua. Nikamwambia baridi ni yangu, niachie mwenyewe. Akasema watoto watabaki na nani. Mama yangu akaja kutoka Ukonga na mfuko wake wa nguo, kakaa mkekani, anasema, "Nendeni zenu, mie nipo." Hapo akaishiwa sababu. Akatazama pembeni akasema, "Waache waende wengine. Sie tushaona."

"Sie nani?" nikamuuliza. "Nani na nani hao walioona?"

Mie nikikasirika mdomo wangu hauna breki, na nilikasirika. Nikamwambia kule ana mzungu wake, anaogopa nitamkuta. Nikasema mbele ya mama yangu. Alinitazama, akachukua tezo lake akatoka kwenda kwenye magogo yake.

Akaenda mchongaji mwingine wa Kinondoni na mke wake. Yule mama aliporudi, nusu ya Temeke ilikwenda kumsikiliza. Mie sikwenda. Na tangu siku ile hakuna aliyechora kitu uani kwetu. Tuliishi vizuri, tulizaa, tulioza watoto, ila mji ule haukutajwa tena baina yetu mpaka anakufa.

Siku ya arobaini yake akaja yule mpiga ngoma wa Gongo la Mboto. Nilikuwa bado kwenye eda, kwa hiyo yeye alikaa barazani na mie ndani, pazia katikati. Akanipa pole, kisha akaanza kumsifu marehemu kama watu wanavyosifu.

"Shemeji, yule bwana alikuwa fundi. Kule Austria tumezungushwa sie wote, yeye kakaa kwenye ukumbi wa maonyesho na gogo lake."

"Kakaa vipi?"

"Mpingo, shemeji. Kule nje barafu, ndani wanawasha moto kutwa nzima, hewa imekauka. Siku ya kwanza tu alipolifungua gogo akalisikia linalia. Basi akawa nalo asubuhi mpaka jioni, analifunika matambara mabichi, anapaka nta, anachonga kidogo kidogo. Gari likija kutuchukua anasema nendeni, nikiondoka litapasuka, na hawa watasema Watanzania wametuletea kuni."

Nikasogea karibu na pazia. "Hata lile kanisa hakuliona?"

"Hakuliona. Alijua njia ya kutoka tulipolala mpaka ukumbini, na hiyo ni kuvuka barabara tu. Lakini jioni nikirudi, hanipi nafasi hata ya kuvua viatu! Vigae vina ukubwa gani? Wale watu wa shaba mikono wameiwekaje? Nikimwambia nimechoka, anasema, nisimulie bwana, mama watoto ataniuliza."

Nikamuuliza kuhusu ile safari ya pili. Nikamsikia anakohoa.

"Alinifuata nyumbani, shemeji. Akasema, nimemwahidi kumzungusha, sasa nikifika nitamshika mkono nimpeleke wapi? Nikamwambia mweleze ukweli. Akasema hawezi, utaona miaka yote alikuwa anakudanganya."

Siku ya msiba nililia kama wanavyolia wajane. Lakini siku hiyo ya arobaini nililia kwa uchungu na kwa hasira, nikapiga sakafu kwa kiganja. "Mwanamume mjinga wewe!" nikasema kwa sauti, na mgeni wa watu yupo pale pale anasikia. Nani alikwambia nilikuwa nataka mwenyeji? Hata kichochoro kimoja cha mji ule tusingekijua, basi tusingekijua sote. Tungeshuka kwenye ndege, tungewauliza watu njia kwa vidole, wangetucheka, na tungepotea wote wawili.