Bi Mkasi Hakuushusha Wimbo Wake

Huyu ninayemwandika hapa tulimwita Bi Mkasi kwa sababu ya kazi yake. Katika karakana yetu ya kushona sare na majoho yeye ndiye aliyekata vitambaa, na kwa miaka ishirini na tisa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushika kisu cha umeme pale kwenye meza ndefu. Mimi nilikaa hatua sita kutoka kwake nikitia vifungo. Niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu, na niliyoyasikia niliyasikia hata pale nilipotamani nisisikie.

Alianza kama mfagiaji. Alikuwa akiokota vipande chini ya meza, anavipanga nyumbani kwake sakafuni mpaka anajua nguo nzima ilivyokatwa. Hivyo ndivyo alivyojifunza, hakuna aliyemfundisha. Watoto wake wawili wa mwisho walilala mchana ndani ya sanduku la mabaki huku yeye akikata. Wakakua, wakaoa na kuolewa, wakaenda zao. Kilichobaki kwake ni ile meza, na Chiriku.

Chiriku ni mwimbaji. Sisi wa umri huu tumemsikia tangu tukiwa wasichana, na bado anaimba, nywele amezipaka rangi nyeusi ya kutisha. Mimi nyimbo za dunia sizifuatilii sana, nina zangu za kanisani. Lakini ukikaa na Bi Mkasi utazijua tu, upende usipende. Nyuma ya mlango wa karakana alikuwa ameandika kwa chaki ya fundi nyimbo kumi bora za Chiriku, kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi, na chaki ikififia alikuwa akiirudia. Ya kwanza ilikuwa "Ngazi ya Tatu". Siku zote ilikuwa hiyo.

Mwaka ule macho yake yalianza kumsaliti. Alikata suruali ishirini zikatoka fupi, na Bosi akamwita pembeni. Bosi si mtu wa kelele. Alimwambia kwamba anamheshimu kama mama yake, ila kosa jingine likitokea atahamia kwenye nyuzi. Kwenye nyuzi ni kile kimeza kilichoko karibu na mlango wa choo, ambako nguo zilizokwisha hupunguzwa nyuzi zinazoning'inia. Sijaona aliyepelekwa pale akarudi. Bi Mkasi aliniambia siku ile tukifunga mikoba, "Nikitolewa mezani sitakufa, Mama Vifungo. Ila sitajua mikono yangu niiweke wapi."

Basi tangu siku ile akaweka utaratibu. Kabla hajawasha kisu alimwita mtu aje kutazama kitambaa kilivyotandazwa na pateni, zile karatasi za vipimo tunazokatia, zilivyolala. Tuliuita utaratibu huo jicho la pili. Na jicho la pili lilikuwa la Mama Pacha, aliyekaa kwenye ovaloki, mashine ya kuunga na kuziba kingo za nguo, kwa kuwa alikuwa karibu na macho yake ni ya mwewe. Walikuwa chanda na pete hao. Mama Pacha alimwita dada mkubwa, na mchana walikula bakuli moja.

Sasa redio ikatangaza kwamba Chiriku ametimiza miaka arobaini ya kuimba, na kila mahali pa kazi panaweza kutuma orodha moja ya nyimbo zake kumi. Mwisho Ijumaa. Orodha moja tu kwa kila mahali. Laiti wangeruhusu mbili.

Bi Mkasi akasema orodha iko tayari mlangoni, ni kuipiga picha na kuituma. Mama Pacha akasimamisha mashine yake. Akasema yeye ana neno. Akasema wimbo wa kwanza wa Chiriku, kila mwenye masikio anajua, ni "Samaki Hasemi".

Mwanzoni tulicheka. Mpiga pasi, ambaye ndiye mwanamume pekee mle ndani ukimtoa Bosi, alisema nyimbo zote nzuri za Chiriku ziliimbwa kabla hajaweka meno mapya, kwa hiyo wote wawili wanagombania mifupa. Mama Pacha alisema "Samaki Hasemi" ukipigwa hata aliyevunjika mguu anainuka. Bi Mkasi akasema watu huinuka hata debe likipigwa, kuinuka si kipimo. Akaeleza habari ya "Ngazi ya Tatu": pale katikati ambapo kila mtu anangoja Chiriku apaze sauti, yeye anaishusha, na gitaa linamwacha peke yake. Alisema mwimbaji wa kawaida asingethubutu.

"Huo ni wimbo wa watu wanaosubiri dawa hospitali," Mama Pacha akasema.

"Na wako ni wa kuuza sabuni."

Hilo lilikuwa kweli, "Samaki Hasemi" uliwahi kutumika kwenye tangazo la sabuni. Mama Pacha akajibu bora uliouza sabuni kuliko unaouza usingizi. Mpiga pasi akapiga makofi. Mimi nikasema jamani kazi, jamani kazi, lakini nani anamsikiliza mtia vifungo.

Jumanne asubuhi tukakuta mstari wa kwanza mlangoni umefutwa kwa kitambaa kibichi, na "Samaki Hasemi" umeandikwa hapo kwa herufi kubwa. Bi Mkasi akachukua kitambaa. Alifuta, akaandika upya. Mchana ukafutwa tena. Jioni ukarudi. Mlango ule ukawa na doa jeupe kama ukoma. Na wao hawakula tena bakuli moja.

Jumatano ndiyo siku maneno yalipoharibika. Mama Pacha alisema kwa sauti ya kusikika karakana nzima kwamba mtu ambaye haoni urefu wa suruali hawezi kusikia urefu wa wimbo. Alipomwita, hakumwita dada mkubwa. Alimwita bibi. "Wewe bibi, pumzika. Mzigo umekuzidi, na nyimbo zimekuzidi."

Niliona Bi Mkasi akiweka chaki chini taratibu. Nilimjua, nikajua sasa atasema. Angetukana ningefurahi, lakini hakutukana. Alisema kwa upole kabisa, "Naelewa kwa nini unaupenda huo wimbo. Si ndio alioucheza mumeo siku alipokuwa anaoa yule mwingine? Wanasema alicheza vizuri mno."

Mama Pacha alikuwa na pacha wa miezi mitano siku ya arusi ile, na aliyajua hayo Bi Mkasi kwa sababu alimshika mkono wakati wa kulia. Siri aliyopewa akiwa dada ndiyo aliyoirusha kama jiwe. Mungu anisamehe, siku ile nilimchukia kidogo. Mama Pacha hakulia. Alimkata jicho moja refu, akageukia mashine yake, na ovaloki ikanguruma mpaka saa ya kutoka.

Nilimwendea Bi Mkasi getini. Nikamwambia, dada, hilo lazima uliombee radhi. Akasema ataomba siku Mama Pacha atakapoomba radhi kwa kumcheka macho yake. Nikamwambia radhi si mnada. Akaenda zake.

Alhamisi tulikuwa na majoho arobaini ya kwaya. Kitambaa kilikuwa satini ya zambarau, upande mmoja unang'aa na upande wa pili umefifia, kwa hiyo hakiwezi kugeuzwa. Kitambaa cha namna hiyo hutandazwa matabaka arobaini, yote yakitazama juu. Unaweka pateni ya mkono wa joho, unakata, unapata mikono arobaini ya kushoto. Kisha unaigeuza pateni tumbo juu, unakata tena, unapata arobaini ya kulia. Ni kugeuza tu. Mtoto anaweza.

Bi Mkasi alikata ya kushoto, na alipomaliza kupanga mkato wa pili alisimama kidogo. Nilimwona akitazama upande wa ovaloki. Ile ndiyo saa ya kuita jicho la pili. Mama Pacha naye aliinua kichwa, akatazama meza, nami naapa aliitazama pateni. Akarudisha macho kwenye sindano. Bi Mkasi akawasha kisu.

Mimi ningeweza kuinuka. Nimejiuliza mara nyingi. Lakini sikujua kukata, na niliogopa kuonekana nimechagua upande.

Saa nne mafundi wakaanza kuunga mikono kwenye majoho, na mmoja akasema mbona huu unakaa kinyume. Akachukua mwingine, kinyume. Tukahesabu themanini, yote ya kushoto. Pateni haikugeuzwa.

Bosi akatoka ofisini. Aliuliza nani alikuwa jicho la pili. Mama Pacha akasema, "Sikuitwa."

"Ni kweli," akasema Bi Mkasi. "Sikumwita."

Bosi alisimama pale mikono kiunoni, akashika ile satini, akaiachia. Mwisho alisema kuna mabaki marefu pembeni mwa kitambaa. Yakikatwa vipande viwili viwili na kuungwa kwa ovaloki, mshono ukapita chini ya kwapa, hakuna mwanakwaya atakayeuona. Ila hiyo si kazi ya Mama Pacha, ni kosa la mtu mwingine, hawezi kumlazimisha. Kama mikono arobaini ya kulia itakuwepo mezani saa kumi, yeye hajaona kitu. Isipokuwepo, Bi Mkasi anajua pa kwenda. Akarudi ofisini akafunga mlango.

Bi Mkasi alikwenda mpaka kwenye ovaloki kwa miguu yake. Nilimwonea huruma, maana alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Akasema mbele yetu sote kwamba alilolisema jana lilikuwa baya, kwamba ile siri haikuwa yake ya kuitoa, na anaomba radhi. Alisema vizuri. Mimi nilishukuru moyoni, nikadhani yameisha.

Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia. Nitakuungia mikono yote arobaini, na chakula cha mchana sitakula. Ila kwanza simama pale mlangoni, chukua chaki, uandike 'Samaki Hasemi' namba moja kwa mkono wako, na useme kwa mdomo wako kwamba ndio wimbo bora wa Chiriku. Watu wote wasikie."

Mpiga pasi akaguna, akasema sasa hii ni nini, mahakama? Mama Pacha akamwambia apige pasi yake.

Bi Mkasi alisema yuko tayari orodha itumwe vile Mama Pacha anavyotaka. Ipigwe picha, iende, yeye hatapinga tena. Mama Pacha akatikisa kichwa. Hakutaka orodha. Alitaka aseme.

Hapo ndipo nilipoinuka, nikiwa nimechelewa. Nilimshika Bi Mkasi mkono, nikamvuta kando, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Dada, sema tu. Ni wimbo. Mungu anaujua moyo wako."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini yaliniona vizuri. "Wewe unayesali asubuhi na jioni," akasema, "ndiye unayenifundisha uongo?"

Nikamwachia mkono. Nimewaona watu wakiapa uongo kwa ardhi, kwa ndoa, kwa maiti, tena mkono juu ya Kitabu. Huyu alikuwa akiombwa uongo juu ya wimbo wa gitaa, na ulimi wake ulikataa kugeuka.

Akarudi mbele ya ovaloki. "Radhi nimekuomba, na ya kweli," akasema. "Hilo jingine siwezi. Nimeusikiliza huo wimbo wako na nimeusikiliza wangu miaka thelathini na moja. Najua upi ni upi."

"Basi nenda na wako," Mama Pacha akasema.

"Naenda nao."

Saa kumi Bosi alitoka, akatazama meza tupu, akamtazama Bi Mkasi. Bi Mkasi akavua aproni ya mkataji yenye mifuko miwili, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Akabeba kistuli chake mwenyewe mpaka kule mlangoni mwa choo. Satini nyingine ikanunuliwa, kwaya wakapata majoho yao siku mbili baada ya siku waliyoahidiwa, na walinuna. Ijumaa ikapita bila orodha yoyote kutumwa kutoka kwetu. Bosi alisema redio ikae ofisini kwake, na mlango ukapakwa rangi.

Aliyepewa kisu ni Mama Pacha. Anakata vizuri, sitamnyima haki yake. Lakini wiki ya kwanza, kila alipopita na mzigo kwenda kwenye nyuzi, alikuwa akiimba "Samaki Hasemi" polepole kwenye pua. Bi Mkasi alikata nyuzi. Siku moja nilimsikia akimwambia, bila kuinua uso, kwamba anauimba nje ya tuni. Mama Pacha akatupa mzigo chini, nao ukabaki pale sakafuni mpaka mimi nilipokwenda kuuokota.

Mwaka wa pili huu sasa hawasalimiani. Mmoja akiwa bombani mwingine anangoja nje. Ninawaombea wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na ninabadilisha nani atangulie ili nisipendelee. Sijaona mabadiliko.