Kitambaa Hakitoshi

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani sokoni Kimironko, nangoja suruali yangu ipunguzwe, mtafiti akaja na fomu kumhoji msichana anayejifunza kushona pale. Alikuwa anachunguza wasichana waliowahi kuiba.

"Uliiba nini?"

"Kitenge. Hapa hapa."

"Nani alikukamata?"

Akaelekeza kidevu kwa fundi. "Mama huyu."

"Akakufanya nini?"

"Aliuliza nataka ya nini. Nikasema gauni ya mama yangu. Akapima, akasema iko kidogo, haitoshi. Akaniongezea."

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye suruali yangu.

Mtafiti alitafuta pa kutia alama: polisi, wazazi, shule. Hakupata. Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo sana: "Aliongezewa."

Mimi, ingekuwa fomu yangu, ningeianzia hapo pembeni.