Tumbo la Maji

Wankyo alikuwa mkunga, lakini ungemuuliza mtu yeyote wa kijiji cha Azimio, upande wa Bunda, angekwambia kwanza kwamba alikuwa mwongo. Hawakuwa na ubaya naye. Walimaanisha kwamba msimu wa pamba ukifika, wanawake wakikaa mbele ya ghala la kijiji kuchambua, safi huku na fifi, ile chafu, kule, hakuna aliyeweza kuwasahaulisha maumivu ya mgongo kama yeye. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alisimulia bila kumtazama mtu, vidole vikiendelea na kazi.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kenge. Mke wa mtemi mmoja alikaa miaka saba bila mtoto. Akaenda ziwani kumwomba Mwenye Maji, naye akampa, ila akampa wawili kwa mpigo. Siku ya kujifungua Mwenye Maji akaja mwenyewe kwa umbo la kenge, akalala kizingitini, kichwa ndani, mkia nje. Mtoto wa kwanza alipotoka, kenge akauliza, "Wamekwisha?" Mkunga angejibu kwamba wamekwisha, kenge angejiendea zake na yule wa pili angezaliwa kwa amani. Lakini mkunga huyo alikuwa mjinga msema kweli. Akajibu, "Bado mmoja." Kenge akatoa ulimi, akasema, "Basi huyo mmoja, na mama yake, ni wangu."

Hapo Wankyo alichagua pamba mbili tatu, na wanawake waliokwisha kuisikia mara ishirini walishika matumbo yao tena.

Ingekuwa imeishia ghalani, isingekuwa neno. Lakini hadithi ile ilihamia vyumbani, penye uchungu wa kweli. Mwanamke wa Azimio akiwa na mimba ya mapacha, hakuna aliyethubutu kusema hivyo. Wankyo alipapasa, akahesabu vichwa kwa vidole vyake, kisha akasema, "Tumbo la maji." Wote walielewa. Wakaandaa nepi za watoto wawili, midomo wameifunga.

Ukweli ni kwamba hadithi hiyo hakuirithi kwa mtu. Aliitunga mwenyewe, na hakumwambia mtu aliitungia wapi.

Ilikuwa Suguti, mwaka wa Uhuru, ile Desemba ambayo watu walikwenda Musoma kuona bendera ikipanda. Wankyo hakuona bendera. Alikuwa kwa mdogo wake Nyamburi, aliyeolewa huko kando ya ziwa, na mvua ilikuwa imekata barabara pande zote mbili. Nyamburi alijifungua mtoto wa kwanza akiwa amechoka kabisa. Wankyo akaweka mkono tumboni, akafurahi, akamwambia kwa sauti ya kumpa moyo, "Vumilia, mdogo wangu, bado mmoja."

Nyamburi akageukia ukutani. "Dada, sina nguvu ya mwingine," alisema. Damu ikaanza kutoka, na haikukatika mpaka akakata roho, mtoto wa pili akiwa bado ndani. Yule wa kwanza alimfuata mama yake siku ya tatu.

Miezi iliyofuata ziwa lilipanda likameza mashamba, hata kaburi la Nyamburi likaingia majini. Watu wa Suguti walilalamikia mihogo yao. Wankyo alirudi kwake akiamini kwamba aliyemuua mdogo wake ni mdomo wake mwenyewe, na kwa kuwa jambo hilo halisemeki mbele za watu, alilivalisha ngozi ya kenge. Basi akasimulia miaka kumi na minne, mpaka naye akawa hajui vizuri kipi alikitunga na kipi kilitokea.

Mwaka sabini na nne serikali iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani, ikawapanga kando ya barabara kwa mistari. Hivyo ndivyo Wankyo alivyopata jirani, Keraryo, mwanamke mrefu wa maneno machache. Walizoeana haraka, wakiazimana kinu na chumvi. Mwaka huohuo Keraryo alifiwa na binti yake, Esta, kwenye zahanati ya huko alikoolewa. Wankyo alikuwa amempapasa Esta alipokuja kusalimia, akamwambia mama yake ni tumbo la maji. Keraryo alikwenda naye kujifungua. Mtoto mmoja alitoka, Esta akachomwa sindano, na wa pili akafia ndani, yeye na mama yake. Watu walisema ni sindano ya serikali. Wengine wakasema ni kenge. Watu waliendelea kumwita Keraryo Mama Esta kama zamani.

Miaka miwili baadaye, mke wa mtoto wa kiume wa Keraryo, msichana wa Kisukuma aitwaye Mbuke, alishika mimba. Azimio ilikuwa imepata zahanati yake, na nesi, Dorotea, binti wa Makoko, kule Musoma, aliyependa kuchapa kazi na kusalimia wazee. Keraryo na Wankyo walimpeleka Mbuke kliniki. Dorotea alipima kwa utepe, akasikiliza kwa kile kipembe chake cha mbao, akakunja uso.

"Shikamoo tena, Bibi," alimwambia Wankyo. "Wewe mikono yako inajua kuliko kipembe changu. Nasikia moyo mmoja, lakini tumbo ni kubwa. Umeona nini?"

"Hii tumbo iko na maji," Wankyo alijibu.

Dorotea akashukuru, akaandika kwenye kadi: maji mengi. Shuleni kwao walifundishwa kuwa yapo matumbo ya namna hiyo. Wankyo hakujua kusoma, lakini aliona kalamu ikienda, na akajisikia vibaya bila kujua sababu.

Sababu aliijua mwezi uliofuata. Wakunga wa vijijini waliitwa Bunda kwa semina ya siku mbili, wakapewa wembe, sabuni na soda. Dorotea alikuwa mmoja wa waliofundisha. Aliinua kichupa kidogo, akaeleza kwamba mtoto akishatoka, mama huchomwa dawa hiyo ili tumbo la uzazi likaze na damu ikatike. "Lakini kwanza nauliza," alisema. "Kama ndani kuna mwingine, tumbo likikaza linamfungia humo. Anakufa, na mama naye anaweza kupasuka. Kwa hiyo msinifiche, mama zangu. Nikiuliza kama kuna mwingine, mniambie."

Wakunga wakaitikia kwa pamoja. Wankyo alikuwa akimwona Esta.

Kuanzia hapo hakupata raha. Mara mbili alikwenda zahanati kumwambia Dorotea maana ya tumbo la maji. Mara ya kwanza alipeleka mayai, akaulizia hali ya Makoko, akarudi. Mara ya pili alifika mlangoni, akamwona Nyamburi akigeukia ukutani. Akasema amekuja kunywa maji. Alikuwa mwoga, wala tusimpambe. Aliogopa kwamba neno likitoka tena mdomoni mwake, Mbuke atakufa. Na aliogopa kwamba likitoka na Mbuke asife, basi atakuwa na deni la Esta kwa Keraryo, deni lisilolipika.

Uchungu wa Mbuke ulianza alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa kitandani zahanati, Wankyo amemshika mgongo, Keraryo amesimama miguuni kupokea mtoto. Wa kwanza alikuwa wa kike, akalia kabla hajafutwa. Dorotea akafunga kitovu, akakata, akamkabidhi Keraryo. Damu ilikuwa inatoka, si kidogo.

Dorotea akavunja shingo ya kichupa, akaweka mkono juu ya tumbo.

"Bado kubwa," alisema. "Mama Esta, kuna mwingine humu?"

Keraryo alimtazama mkwewe, akamtazama nesi. Alimpenda Mbuke, kila mtu alijua hivyo. Alikuwa amemfukia mwanawe mmoja na hakutaka kufukia mwingine. Akajibu kwa upole kabisa, "Hapana, sista. Ni maji tu. Uliandika mwenyewe kwenye kadi."

Dorotea akaangalia kadi. Ilikuwa hati yake. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Wankyo aliangalia kizingitini. Baadaye aliona haya kukumbuka kwamba aliangalia kweli, mwanamke wa miaka sitini kutafuta kenge kwenye zahanati ya kijiji. Palikuwa na ndoo na ufagio.

"Bado mmoja," alisema.

Keraryo alipiga ukelele hata mtoto nusura amponyoke. "Wankyo! Unamuua! Unamuua mtoto wangu!"

"Bado mmoja, Dorotea. Kalala vibaya, kichwa kiko huku ubavuni. Weka hiyo sindano chini. Tumbo la maji ni mapacha. Hapa kwetu tunaitaga hivyo."

Mbuke alilisikia neno. Kwao alikulia kwenye hadithi nyingine, lakini ya kenge alikuwa ameijua tangu aolewe. Akafumba macho, akangoja kufa. Badala yake uchungu ukarudi, na mwenye uchungu hana nafasi ya kungoja kitu kingine.

Dorotea hakugomba wala kuuliza. Aliweka bomba kwenye sahani, akanawa mpaka kwenye viwiko. Wankyo alisukuma kwa nje kwa mikono ile mikubwa, taratibu, kichwa kikikataa na kukubali, Dorotea akitafuta miguu kwa ndani. Walifanya kazi wakipeana neno mojamoja: huku, ngoja, sasa. Mtoto alitanguliza miguu, wa kiume, wa buluu, kimya. Dorotea akamsugua mgongo kwa taulo mpaka akachukia, akalia. Ndipo Mbuke akachomwa sindano. Damu ikapungua, ikakatika.

"Kulwa na Doto," Mbuke alisema, maana kwao majina ya mapacha hayatafutwi. Akalala.

Wankyo alimkuta Keraryo nje, bombani, akifua kanga zilizoloa. Alikuwa akifua kanga moja tu, ileile, wakati nyingine zimerundikana.

"Yule nesi wa kule aliniuliza mimi pia," Keraryo alisema bila kuinua kichwa. "Kwa Esta. Alikuwa ameshika sindano hivi, akaniuliza, mama, kuna mwingine? Mimi nikasema ni maji."

"Najua."

"Ulijua lini?"

Wankyo angeweza kudanganya. Kazi hiyo aliiweza kuliko watu wote. "Siku ya semina," alisema.

Keraryo akaacha kufua. "Semina ilikuwa mwezi uliopita. Ulikuwa unajua, na leo ukaniacha niseme tena."

Wankyo alimweleza habari za Nyamburi, mwanzo hadi mwisho, bila kenge, akiwa amesimama na mikono inanuka sabuni ya zahanati. Ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia hivyo, na ilikuwa fupi sana. Keraryo alisikiliza. Kisha akakusanya kanga zote, hata chafu, akaenda nazo.

Mwaka mzima hawakuazimana kitu. Keraryo alimsalimia Wankyo njiani kama anavyosalimiwa mgeni. Kwa Dorotea mambo yalibadilika: wanawake walianza kumwambia wazi, wawili, sista, wengine wakinong'ona, na kwenye kadi mpya hakukuwa tena na maji mengi. Kwa Wankyo kazi ilipungua, naye hakulalamika. Usingizi ndio uliompotea. Alikuwa akimfikiria Esta kuliko alivyowahi kumfikiria Nyamburi, na hilo nalo lilimuumiza.

Msimu wa pamba ukarudi. Wanawake wakakaa ghalani, Keraryo akachagua fungu la mbali. Mbuke alikuja na watoto, Kulwa mgongoni, Doto mapajani akitafuna pamba. Mwanamke mmoja akasema, kama ilivyo desturi, "Bibi Wankyo, tupe ya kenge."

"Imekufa hiyo," Wankyo alijibu. "Tafuteni nyingine."

Wakacheka, wakambembeleza, akakataa. Ndipo sauti ikatoka fungu la mbali.

"Simulia."

Ilikuwa sauti ya Keraryo. Watu wote walijua wawili hao hawasemezani, na wote wakaona pamba yao ina takataka nyingi za kutazama.

"Mama Esta," Wankyo alisema, "siiwezi tena."

"Isimulie. Wewe ndiye uliyeileta."

Akasimulia. Mke wa mtemi, miaka saba, maombi ya ziwani. Sauti ilikuwa inamkwama, na hakuipamba hata kidogo. Kenge akaja akalala kizingitini, mtoto wa kwanza akatoka. Wankyo akafika penye swali, akaliuliza polepole, macho yakiwa kwenye pamba.

"Wamekwisha?"

Keraryo alisimama, akapita katikati ya mafungu yote, pamba imemganda kwenye kanga, mpaka mbele ya Wankyo.

"Bado mmoja," akamjibu. "Na mama yake ni wangu. Nilimzaa mimi, nikamwita Esta."

Hakuna aliyecheka wala aliyeshika tumbo. Wankyo alilia waziwazi, na Keraryo hakumbembeleza. Alikaa tu pale alipokuwa amesimama, akavuta kapu la fifi likawa kati yao. Wakachambua pamoja mpaka jua likaegemea, na tangu siku hiyo, Azimio, hadithi ya kenge inaishia hapo.