Ubao Namba Moja wa Oudeweel

Kijiji cha Oudeweel kimekaa chini kuliko bahari, na barabara ya kwenda gatini hupita kwenye pengo la tuta linalozuia maji. Bahari ikifura, pengo huzibwa kwa mbao kumi na mbili, kila moja na namba yake na mahali pake. Mara tatu kijiji kimezama, na wenyeji hupenda kuilaumu bahari. Waongo! Mara ya kwanza wazee walichimba udongo wa tuta lenyewe, wakaukausha wauchome kama kuni, maana ni udongo unaowaka. Mara ya pili walibishana ni zamu ya nani kuziba ufa, mpaka maji yakaja kuamua kesi. Mara ya tatu ni ya Krijn Wisse.

Krijn alirithi ufunguo wa banda la mbao kwa baba yake. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Kila Oktoba alizitoa mbao zote, akazijaribu pengoni moja moja. Ila kiangazi alichomwoza binti yake Leuntje, meza hazikutosha. Akauchukua ubao namba moja, ule unaokaa chini kabisa, akautandika juu ya mapipa. Watu wakala mikunga ya kukaushwa kwa moshi, wakanywa, wakacheza. Kisha ubao ukalala juani wiki tatu, ukapinda. Akaurudisha kimyakimya.

Oktoba ilipofika mvua ilikuwa inanyesha na viazi bado viko shambani.

"Mwaka mmoja tu bila kuzijaribu," alimwambia mkewe. "Hazina miguu zile mbao."

Februari, Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, upepo ukageuka na kengele ikalia. Wanaume wakakimbilia pengoni. Ubao namba moja ukagoma kuingia, na wa chini usipokaa, wa juu hauna pa kukalia. Wakajaza magunia ya samadi, maji yakayasukuma kando. Zilikwenda nyumba saba za upande wa chini, na Pieternella, mke wa Bram Kloet, aliyekuwa kitandani na homa.

Hakuna aliyeuliza. Watu walisema ubao ulivimba kwa unyevu. Bram mwenyewe alikuja kumshika mkono: "Ulishikilia mpaka mwisho, Krijn. Nilikuona." Afadhali angempiga kofi.

Miaka kumi na tisa walikaa benchi moja juu ya tuta, kila Jumamosi.

"Viazi vyako mwaka huu ni vya kulishia kuku," Bram alikuwa akisema.

"Vyako hata kuku wamevikataa."

Wakacheka. Na kila Jumamosi Krijn alipanda tutani na neno mdomoni, akashuka nalo.

Ndipo likaja lango la chuma linalojifunga lenyewe. Mtu wa ofisi ya matuta akauchukua ufunguo wa banda, akashukuru, akaenda zake. Jumamosi hiyo Krijn alihisi mfuko wake mwepesi, na hakuweza tena.

"Bram, ule ubao haukuvimba. Niliutoa kwa ajili ya harusi ya Leuntje, ukapindia juani, na Oktoba sikuujaribu. Mimi ndiye niliyemuua Nella wako."

Bram aliendelea kutazama nyumba za upande wa chini.

"Uliubeba na nani?"

"Ah, zamani hizo."

"Ubao wa mita sita, uubebe peke yako? Acha hizo, Krijn. Ncha ya pili niliishika mimi. Kesho yake ulitaka tuurudishe bandani. Nani alikwambia, 'Umelowa bia huo, uache kwanza ukauke juani'?"

Krijn akakumbuka. Alikuwa ameukumbatia ule ubao peke yake kwa miaka yote hiyo, hata akasahau kwamba ulikuwa na ncha mbili.

"Nilijua unanisitiri," Bram akasema. "Kila Jumamosi nilikuja hapa nikingoja, leo ataniambia ukweli wangu. Husemi. Unanitania viazi."

"Na mimi nilidhani hujui."

Bram akavua kofia, akaishika magotini. Kwenye benchi lile hakuwahi hata siku moja kulitaja jina la mkewe.

"Tungemlilia pamoja," akasema. "Miaka kumi na tisa, Krijn. Tungemlilia Nella pamoja."