Sumaku Iliyoshiba Kupita Kiasi

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba sumaku hula chuma, na kwamba usipoipa chakula cha jioni hufa kabla ya kucha. Habari hiyo niliipata kwa fundi wa baiskeli wa Ruiru, mwenzangu katika masomo ya jioni, na ushahidi wake ulikuwa mzito. Kila somo lilipoisha, mwalimu aliichukua sumaku yetu iliyopinda kama kwato la punda, akaibandika kipande cha chuma miguuni, ndipo akaifungia sandukuni.

"Unaona?" fundi aliniambia. "Anaipa ya kulalia."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, amri ya wakoloni ya kutotoka nje jioni ilipokwisha kulegezwa. Mchana nilipakia magome ya miti ya miwati, yale ya kulainishia ngozi, katika kiwanda kimoja Thika, jioni nikapiga baiskeli hadi Ruiru kwa kasi iliyowafanya kuku wa Juja waache kutaga. Darasa letu lilikuwa ukumbi wa kanisa, na ukumbi haukuwa wetu. Wazee wa kanisa walikuwa wamesikia kwamba tunacho chuma kinachovuta misumari bila kamba. Kwao huo ulikuwa uganga. Wakasema watakuja Jumamosi mchana kuona kwa macho. Wasiporidhika, darasa lifungwe. Mahali pengine pa kusomea hatukuwa napo, na mimi mtihani ulikuwa puani.

Mwalimu alikuwa na safari ya Nairobi, akaniachia sumaku niitunze hadi siku hiyo. Nikasema moyoni, hii haitalala njaa kwangu.

Nikaipa misumari. Nikaipa vifuniko vya soda, wembe, na unga wa chuma kutoka kwa fundi, hadi ikaota miiba kama nungunungu.

"Baba, sindano yangu iko wapi?" mke wangu akauliza.

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na mgeni."

Alinitazama vile mtu hutazama paa linalovuja. Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine: kula kote huko, na baridi ya Julai, chakula kitashukaje? Basi nikaipangusa mdomo, nikaifukia katika majivu ya moto, pale tunapochoma viazi vitamu, karibu kabisa na makaa. Asubuhi ilikuwa moto kiasi cha kukaanga yai. Nikafurahi.

Jumamosi wazee wakaketi mstari wa mbele, na mama mmoja mwenyekiti wa akina mama. Mwalimu akaishusha sumaku juu ya rundo la pini. Hakuna pini hata moja iliyoinuka.

"Mwalimu," mzee mkubwa akasema, "kwato lako limelala."

"Umeilisha sana," fundi akaninong'oneza. "Na maji hukuipa."

Mzee alikuwa tayari ameshika kofia yake. Mwalimu hakubishana naye. Alichukua msumari wa inchi sita, akauzungushia waya hadi ukanenepa, akaunganisha ncha za waya na betri, yale mawe ya tochi. Pini zikaurukia msumari. Akaondoa waya kwenye betri, pini zikaanguka. Kisha akampa mzee vyote mkononi ajaribu mwenyewe.

Mzee akaunganisha, akaachanisha. Akaunganisha tena. Kofia ikawa chini, ameisahau.

"Mzee, na sisi tuone," mama mwenyekiti akasema. "Hukuja peke yako."

"Ngoja kidogo, mama. Mwalimu, maneno ya kuombea mnayasema wakati gani?"

"Hakuna maneno, mzee. Ukitoa waya, kazi imeisha."

Mzee akafikiri. "Basi si uganga. Mganga gani atakubali umzimie kazi yake namna hii? Endeleeni kusoma. Lakini si Jumapili."

Tulipiga makofi hadi popo wa darini wakahama.

Wageni walipoondoka, mwalimu aliigeuza geuza ile sumaku, akaniuliza nimeifanya nini. Nikamweleza kila kitu, toka misumari hadi majivu.

"Sumaku haili kitu," akasema. "Kile kipande cha chuma tunakiweka miguuni mwake ili nguvu isipungue. Kilichoimaliza nguvu ni moto wako."